Kamba Isiyofungwa Fundo

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari ya Pemba hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na mvuvi wa Tumbe aliyerudi alfajiri ana saa chache tu za kuamua chombo chake kitakaa wapi. Baina ya kujaa na kupwa bahari hushuka kiasi cha mita 4. Pale mashua ilipokuwa ikielea kwa raha wakati wa sala ya alfajiri, kabla ya adhuhuri patakuwa na mchanga mtupu, na watoto wakiokota chaza.

Mashua ina mkuku, mti mrefu unaopita chini ya chombo. Maji yakiikimbia, mkuku huketi mchangani, kisha chombo huanza kulala ubavu. Kikilala juu ya jiwe, ubao hupasuka. Basi watu huingia majini na magadi, nguzo fupi za mti, wakayaegemeza pande zote mbili kabla uzito haujashuka. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kugadimu, na wanaokitumia ni watu wa vyombo. Ngalawa haina haja nayo, kwani matengo yake mawili huisimamisha yenyewe. Kijiji cha Tumbe kipo kaskazini mashariki ya Pemba, Wilaya ya Micheweni, na diko lake, pale vyombo vinapofikia, ni miongoni mwa madiko makubwa ya kisiwa. Sehemu kubwa ya kazi inayofanyika hapo, ukiacha uvuvi wenyewe na mnada, ni kazi ya kuvifanya vitu vitulie mahali pake katika bahari isiyotulia.

Kiingereza cha baharini kina kitenzi cha kazi ya jamii hiyo, ambacho hata Waingereza wengi wa nchi kavu hawakijui: "belay". Mwanafunzi wa Pemba atakikuta kwenye kitabu cha mabaharia au kwenye hadithi ya merikebu za kale, atafungua kamusi, na pengine ataambiwa kwamba maana yake ni kufunga kamba. Hapo ndipo anapopotezwa. Anayefanya kitendo hicho huipitisha kamba kwenye kigingi, akaizungusha mara kadhaa kwa umbo la tarakimu 8, kisha akaiacha. Fundo hakuna. Kamba inashika kwa sababu imejiegemeza kwenye mti na juu ya mizunguko yake yenyewe, na mkono mmoja ukiivua, inaachia papo hapo.

Kitenzi hicho ni cha zamani sana katika Kiingereza, na asili yake ina maana ya kuzingira. Wanamaji wa Uingereza walikipanua mpaka kikawa pia amri ya kusitisha jambo: ofisa akishabadili shauri, alikitamka, na kazi iliyoanza ikaachwa. Baadaye wapanda milima walikichukua kutoka kwa mabaharia. Mpandaji anapokwea mwamba, mwenzake wa chini huipitisha kamba yake kwenye chuma au kiunoni mwake, tayari kuikamata akiteleza na kuilegeza akiendelea. Maana ni ile ile iliyokuwa merikebuni, kushika kitu kwa namna ambayo bado unaweza kukiachia.

Siri ya mizunguko ya kamba ilipigiwa hesabu katika karne ya 18, na mwanahisabati Leonhard Euler ni mmoja wa walioifafanua. Kamba ikiuzunguka mti, msuguano wake haujumlishwi kwa kila mzunguko, unazidishwa. Tuchukue kamba na mti ambavyo kipimo cha msuguano wake ni 0.3, jambo la kawaida kwa kamba kavu juu ya mbao. Mzunguko mmoja kamili unamwezesha anayeshika kwa nguvu ya kilo 1 kuzuia mvuto wa zaidi ya kilo 6. Mizunguko miwili inafikisha zaidi ya kilo 40. Mizunguko mitatu inavuka kilo 280. Kijana mwenye mkono wa kawaida, akiwa na mizunguko mitatu juu ya gogo imara, anaweza kuzuia chombo ambacho watu kumi wasingeweza kukizuia kwa kuvuta.

Hesabu hii haikuhitajika ili watu waijue kazi. Mwenye mashua anapoondoka Tumbe upepo ukiwa mkali, mtu mmoja hupewa demani, kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga na kuamua tanga lipokee upepo kiasi gani. Mwanagenzi anapoona mkono unamuuma, hamu yake ya kwanza ni kuifunga demani kwa fundo ili apumzike. Atakemewa. "Zungusha, mwanangu, usifunge!" Upepo wa bahari hauji kwa kiwango kimoja. Hutulia, kisha huja kwa ghafla, na chombo hulala upande mmoja mpaka maji yanakaribia ukingo. Wakati huo demani inatakiwa iachiwe mara moja ili tanga limwage upepo. Fundo lililorowa maji ya chumvi na kukazwa na mvuto wa tanga halifunguki kwa vidole, na kabla kisu hakijapatikana chombo kimekwisha kupinduka.

Kanuni hiyo hiyo, ya kushika kwa kuacha nafasi, imo katika nanga. Watu wengi wasiokwenda baharini hudhani nanga huzuia chombo kwa uzito. Uzito unasaidia, lakini kinachoshika hasa ni makucha yaliyozama chini, nayo hushika vizuri endapo kamba, au amari kama wasemavyo mabaharia, inayavuta kwa ulalo. Ikiyavuta kwa kuyainua, yanang'oka. Kwa hiyo amari hutakiwa iwe ndefu kuliko kina, na manahodha wa vyombo vidogo duniani kote hufundishwa kuachia angalau mara tano ya kina cha maji.

Sasa ilete kanuni hiyo Tumbe, penye maji yanayopanda mita 4. Mtu aliyetia nanga maji yalipokuwa mita 2 ataona amari ya mita 10 inamtosha. Saa sita baadaye pale pale pana mita 6 za maji, na amari ya mita 10 inayavuta makucha kwa kuyainua. Nanga inaanza kuburura, na mwenye chombo aliyelala nyumbani ataamka aikute mashua yake miambani. Alihitaji mita 30. Lakini akiachia mita 30 tangu mwanzo, maji yakiwa madogo chombo kitazunguka duara pana na kuwagonga majirani, kwani diko lina vyombo vingi na kila kimoja kina amari yake. Ndiyo maana siku za bamvua huwezi kutia nanga ukasahau. Kuna wanaoongeza kamba ya pili upande wa nyuma, wengine humwacha mtu chomboni alegeze na kukaza kwa kufuata maji. Utulivu unaoonekana kutoka ufukweni, vyombo vimepangana kimya mbele ya kijiji, umelipiwa kwa kuamka usiku.

Aina ya nanga nayo ina habari yake. Nanga ya makucha manne, ndogo na nyepesi, hunasa haraka kwenye miamba na matumbawe lakini huteleza kwenye mchanga. Baura, nanga kubwa ya makucha mawili, huzama vizuri kwenye mchanga na tope. Mvuvi mwenye ngalawa au kidau hawezi kubeba baura, kwa hiyo hubeba ile ndogo, na ili imshike huitupa palipo na matumbawe. Kila inaponasuliwa, huondoka na kipande. Matumbawe mengi hukua sentimeta chache tu kwa mwaka, mengine chini ya hapo, na mwamba unaovunjwa hivyo ndio nyumba ya changu na tasi ambao mvuvi huyo huyo anawatafuta.

Haja ya kuvituliza vitu katika maji haya ni ya kale kuliko majina ya vijiji vya leo. Mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaoitwa Periplus, unaeleza kisiwa kiitwacho Menouthias karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mwandishi wake anataja mitumbwi, mashua zilizoshonwa kwa kamba, na jambo moja lililomvutia: wenyeji walivua kwa vikapu vilivyosokotwa, walivyovifunga kwenye midomo ya mikondo. Anayelijua dema atalitambua mara moja. Dema ni mtego wa kusuka wenye mlango unaoruhusu samaki kuingia na kumkataza kutoka, na shida yake kubwa ni kulifanya likae chini mkondo ukipita. Kwa hiyo hutiwa mawe. Miaka inayokaribia 2,000 imepita na shida ni ile ile.

Tumbe yenyewe ina ushahidi wake ardhini. Katika miaka ya 2000 wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba hapa, wakakuta mji mkubwa uliokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, wakati ambao nyumba zilikuwa za miti na udongo. Waliokota vigae vya vyungu vilivyotoka Ghuba ya Uajemi, na vipande vingi vya vigae vyenye mifuo ambayo ndani yake watu walisugulia shanga. Mji huo uliachwa katika karne ya 10. Baadaye, karibu na hapo, ukainuka mji wa Chwaka, wenye misikiti ya mawe na makaburi, ambao magofu yake wenyeji huyaita ya Haruni.

Vyombo vilivyoleta vigae vile kutoka Ghuba vilikuwa na nanga. Aina moja ya nanga ya Bahari ya Hindi ya zama za kati inajulikana vizuri, kwa kuwa imepatikana Siraf katika Uajemi, Qalhat katika Oman na kwenye pwani ya Gujarat. Ilikuwa jiwe refu lililochongwa, lenye tundu juu la kupitishia amari na matundu ya mraba chini yaliyopishana, ambamo vilichomekwa vijiti vya mti mgumu. Jiwe lilitoa uzito, miti ikatoa makucha. Ikinasa mno, miti ilivunjika na jiwe likapanda juu na kamba yake, kisha fundi akachonga vijiti vingine. Waliobuni nanga hiyo walijua kwamba chombo cha kushikia kinahitaji sehemu itakayokubali kuvunjika.

Leo, maji ya bamvua yakipwa kwenye pwani za Micheweni, wanaoingia baharini kwa wingi ni wanawake, na wanachokwenda kukituliza ni mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya utafiti uliosukumwa kwa miaka mingi na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pemba ikafuata, na leo inatoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wakulima wa mwani visiwani wamepita 20,000, na walio wengi kabisa ni wanawake.

Mwani wa kulima hauna mizizi ya kuushika chini. Ukiuacha, unaondoka na maji. Kazi nzima ya shamba, basi, ni kuuzuia. Mkulima hupigilia vigingi viwili mchangani kwa jiwe au nyundo, akanyoosha kamba baina yake, kisha akaning'iniza vipande vya mbegu kwa vikamba vyembamba viitwavyo taitai, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi ya upana wa kiganja au zaidi kidogo. Kamba ikilegea, mwani unagusa mchanga na kuoza, au samaki wanaula. Ikikazwa mno, wimbi la kusi linaikata au kung'oa kigingi. Kitanzi cha taitai kikibana sana kinakata shina la mwani wenyewe, kikilegea shina linachomoka. Na baada ya wiki sita hivi kitanzi hicho kinatakiwa kifunguke kwa urahisi, kwa sababu mkulima amesimama kwenye maji yanayopanda na ana mamia ya vitanzi vya kuvua kabla hayajamfika kifuani.

Kuna jambo hapa ambalo wakulima wenyewe hawaambiwi vya kutosha. Mwani huo haununuliwi ili uliwe. Hukaushwa, ukasafirishwa ng'ambo, na viwandani hutolewa kitu kiitwacho karajinani, ambacho kazi yake ni kutuliza. Kikitiwa kidogo tu katika maziwa ya chokoleti, kinaizuia kakao isizame chini. Katika aiskrimu kinazuia maji yasijitenge. Katika dawa ya meno kinaifanya ikae juu ya mswaki badala ya kutiririka. Mwanamke wa Pemba anayeshinda majini hadi kiunoni akiuzuia mmea usiondoke, anakuza kile kinachovizuia vitu visitembee katika mafriji ya Ulaya na Marekani, na bei anayolipwa kwa kilo ya mwani mkavu ni ndogo mno ukiilinganisha na kazi hiyo. Hilo halistahili kunyamaziwa.

Aina za mwani ni mbili hasa, spinosamu na kotoni. Kotoni ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili maji ya moto, na tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Zanzibar. Mtafiti Flower Msuya, ambaye ameshughulika na kilimo hiki kwa miongo kadhaa, amekuwa akihimiza njia za kuipeleka kwenye kina kirefu kidogo ambako maji ni ya baridi. Huko vigingi havifai. Kamba inabidi ielee na ishikwe na nanga, na wanawake wengi waliozoea kulima kwa miguu wanahitaji mashua na kujua kuogelea. Suala la kitu gani kitaushika mwani limegeuka suala la nani ana chombo.

Vigingi navyo vina gharama. Vingi vimekatwa kwenye mikoko, na mikoko ndiyo inayoushika udongo wa ufukwe. Ukikata mikoko ili uushike mwani, umefungua pwani. Mivinje inayopandwa kwa makusudi inaweza kuchukua nafasi hiyo, na palipo na uamuzi wa kijiji jambo hili linawezekana.

Chombo kinachokwenda nacho kina utulivu wake, na huo hauletwi na kamba. Mabaharia wa majahazi walitia farumi, mawe au mchanga katika tumbo la chombo kisichokuwa na shehena, ili uzito ukae chini na kisipinduke. Mzigo ukipangwa juu, au watu wakizidi, chombo kinapoteza kile kinachokirudisha wima. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi ilichoruhusiwa. Msiba ule uliwagusa watu wengi Pemba. Ujuzi wa utulivu wa chombo, katika kisiwa kinachosafiri kwa bahari, ni haki ya kila abiria.

Turudi kwa mwanafunzi na kitenzi chake. Maneno ya kazi hizi yameandikwa, ingawa si wote wanaoyafikia. Frederick Johnson aliyaingiza mengi katika kamusi yake ya mwaka 1939. A. H. J. Prins, aliyeishi na mabaharia wa Lamu, alitoa kamusi nzima ya maneno ya bahari ya Kiswahili, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1970. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Hata hivyo, kijana wa sekondari, anayefundishwa masomo yake kwa Kiingereza, anaweza kumaliza shule akiwa amekariri majina ya sehemu za merikebu za Uingereza bila kuulizwa kwao huitaje mkuku, demani au amari. Anajifunza neno la kigeni kama kwamba kitendo chenyewe nacho ni kigeni, na hali babake anakifanya kila siku.

Hasara ni ya pande mbili. Kiingereza hakimkai, kwa sababu hakina cha kushikamana nacho. Na Kiswahili cha bahari kinamtoka, kwa sababu hakuna aliyemwonesha kwamba ni elimu. Mashine za boti na kamba za nailoni zimekwisha kupunguza idadi ya vijana wanaoijua demani; wasiojua kugadimu watazidi pia kadiri boti za faiba zinavyoongezeka. Maneno haya hayatabaki kwa kupendwa tu.

Ombi, basi, ni kwa walimu wa Micheweni. Mnapofika kwenye vitenzi vya namna hii, vya Kiingereza au vya Kiswahili, wapelekeni wanafunzi dikoni asubuhi ya bamvua kabla maji hayajakauka. Mwombeni mzee mmoja awaoneshe mizunguko mitatu juu ya gogo, na kila mwanafunzi avute mwenyewe aone kamba inavyoshika na inavyoachia. Mwalimu wa hisabati aje na hesabu ya Euler, mwalimu wa Kiingereza na kitenzi chake, wa Kiswahili na daftari la kuandikia kila neno mzee atakalolitaja. Kinachohitajika ni kamba ya pima tano na idhini ya mwenye chombo.